Tembo watatu na amri arobaini na saba

“Mjomba, hao tembo wako wamelala?”

Ujumbe wa sauti wa mpwa wangu, kutoka Muscat, saa nne na nusu usiku. Mimi niko dukani Ngamiani, Tanga, mlango nimeurudisha nusu, mashine ya fotokopi imezimwa, nimebaki na laptopu na feni. Tembo hawakuwa wamelala. Walikuwa wanatembea vizuri tu, ila walikuwa wanarudi nyumbani. Vita iko mbele, wao wanarudi nyumbani. Askari wa mikuki nao walikuwa wamesimama kwa adabu mbele ya kambi ya adui, eti wanaiteka, huku wanamiminiwa mishale na waliomo ndani. Dakika ya 17 nikawa sina jeshi. Dakika ya 19 sina mji.

Sikumjibu. Nilizima data, nikafunga duka, nikaenda zangu kulala.

Gemu yenyewe inaitwa 0 A.D., yaani mwaka sifuri, mwaka ambao haujawahi kuwepo kwenye kalenda: ukitoka mwaka 1 kabla ya Kristo unaingia moja kwa moja mwaka 1 baada yake. Ni gemu ya kujenga mji na kupigana, ya aina ile ambayo kila kitu kinakwenda kwa wakati mmoja. Hakuna kumsubiri mwenzio acheze ndipo ucheze wewe. Wanaoitengeneza ni watu wa kujitolea, kundi linaloitwa Wildfire Games, na tangu 2009 msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuchungulia. Hailipiwi. Kwa mtu mwenye laptopu ya mtumba ambayo bado ina stika ya ofisi ya watu, hiyo ni sifa ya kwanza na karibu ya mwisho. Mimi nachezea Wakushi, wale wa Meroe, ufalme wa kale wa kule Sudan ya leo, kwa sababu wana wapiga upinde wazuri na wana tembo. Mpwa wangu anachezea Wasparta, na dharau zake ni za Kisparta hasa.

Kwa miezi mingi nilikuwa na maelezo tayari ya kwa nini nashindwa. La kwanza, umri: mimi vidole vimezoea kuhesabu karatasi, yeye vyake vimelelewa na simu. La pili, mtandao: yeye ndiye anayefungua mechi kule Oman, mimi najiunga kwa bando la simu, kwa hiyo kila kitu kinamfikia yeye kwanza. La tatu, kibodi. Kitufe changu cha 3 kilimwagikiwa chai ya mchaichai mwaka juzi, tangu hapo kinafanya kazi kikijisikia. Ukikibonyeza taratibu kwa kukandamiza, kinaitika. Ukikibonyeza kwa haraka, kimya.

Haya maelezo matatu niliyapenda sana. Yalikuwa yananipa usingizi.

Jumamosi wateja walikuwa wachache, nikaamua kuitazama tena ile mechi. 0 A.D. hurekodi kila mchezo, na marudio yake si video. Kinachohifadhiwa ni amri tu: nani kaamuru nini, kwa askari gani, katika zamu ya ngapi (zamu hapa ni kipande kidogo cha muda cha kompyuta, si kupokezana kucheza). Ukitaka kutazama, kompyuta yako inaucheza mchezo upya tangu mwanzo kwa kufuata zile amri. Ndiyo maana faili ni dogo kabisa, na ndiyo maana hata kucheza kwa mtandao hakuli bando kama nilivyoogopa zamani. Zinazosafiri kati ya Tanga na Muscat ni amri, jeshi lenyewe kila mtu analo kwenye mashine yake.

Basi ndani ya folda ya marudio kuna faili linaitwa commands.txt. Unalifungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Nililifungua kwa udadisi tu, nikakaa nalo hadi adhuhuri. Mstari mmoja, nikiufupisha, unakuwa hivi:

cmd 2 {"type":"walk","entities":[5210,5214,5233],"x":412.6,"z":388.1,"queued":false}

Maana yake: mchezaji namba 2, ambaye ni mimi, kawaamuru hawa watatu watembee hadi pale. Kila askari ana namba yake, na hao watatu, 5210, 5214 na 5233, nilipowafuatilia kwenye marudio nikakuta ni nani? Tembo wangu. Na pale walipotumwa ni nyumbani. Mimi mwenyewe niliwatuma.

Nikakumbuka. Tembo walikuwa kundi la 2, wapiga upinde kundi la 3. Unashika Ctrl na namba kulihifadhi kundi, halafu ukibonyeza namba peke yake kundi linaitika. Nilikuwa na tembo mkononi, nikaona wapiga upinde wanazingirwa, nikabonyeza 3 kwa pupa niwarudishe nyuma. Kitufe kikanyamaza. Macho yangu yalikuwa kwenye vita, hayakuangalia chini ya kioo ni nani niliyemshika. Nikabofya kitufe cha kulia cha mausi pale nyumbani, na tembo, wanyama watiifu kuliko watu wote niliowahi kufanya nao kazi, wakageuka wakaondoka.

Kwa hiyo kibodi ilikuwa na hatia. Sawa. Lakini nilipohesabu dakika nzima ya vita, zamu 300, maana kila zamu ni milisekunde 200, nikakuta kitufe cha 3 kinaweza kulaumiwa kwa amri moja tu. Dakika ile nilitoa amri 47. Arobaini na saba! Mtu mwenye vidole vizito hatoi amri 47 kwa dakika. Kati ya hizo, 29 zilikuwa za kutembea. Amri 6 zilikuwa za kubadili mpangilio wa kikosi, nadhani kwa wasiwasi tu. Amri 10 za kuzalisha askari na mambo ya nyumbani. Na amri za kwenda huku unapigana, zile zinazoandikwa “attack-walk”, zilikuwa 2.

Mbili tu. Nilikuwa napigana vita kwa kuwaambia watu watembee.

Anayecheza gemu hizi ataelewa aibu yake, na asiyecheza nitamweleza. Ukibofya kulia ardhini, askari anakwenda pale ulipobofya. Akipigwa njiani, anaendelea kutembea, maana ndivyo alivyoambiwa. Ukishika Ctrl ukabofya kulia, anakwenda kuelekea pale lakini kila adui anayekutana naye anasimama anapigana naye. Hilo nilikuwa nalijua tangu wiki ya kwanza. Tatizo ni kwamba nikitumia Ctrl, askari wangu wanashambulia na majengo pia. Wanaacha watu wanaowachoma mikuki, wanageukia banda la nafaka. Kwa hiyo nilikuwa nimeiacha, nikarudi kwenye kutembea, halafu nambofyea adui mmoja mmoja kama mtu anayechambua mchele.

Kumbe ipo amri nyingine: Ctrl pamoja na Q, kisha bofya kulia. Hapo wanashambulia watu tu, majengo wanayapita. Miaka miwili nacheza na sikuijua, kwa sababu sikuwahi kufungua orodha ya vitufe. Tangu toleo la Alpha 24 la 2021 orodha hiyo iko ndani ya gemu yenyewe, unabadilisha utakavyo kwa kubofya. Zamani ilibidi uandike kwenye faili. Mimi Ctrl na Q kwa pamoja vinanibana kidole kidogo, nikaihamishia amri ile kwenye herufi ya V. Kulikuwa na kitu kingine pale, nikakifuta, na hadi leo sijakikosa. Kundi la 3 nalo nikalihamisha kutoka namba 3. Kitufe kibovu hakina tena kazi jeshini, kimestaafu.

Acha nitoke nje ya mada kidogo. Kuna watu wanaona mambo haya ya kurahisisha vitufe ni udhaifu, kwamba mchezaji wa kweli hutesekea kila askari. Mpwa wangu ni mmoja wao. Lakini ukirudi nyuma utaona kila kizazi kiliona hivyo. Katika gemu ya Dune II ya 1992 ulimshika askari mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukitaka kumi waende, unabofya mara kumi. Warcraft ya 1994 ikakuruhusu wanne. Warcraft II, mwaka uliofuata, tisa. StarCraft ya 1998 ikafika kumi na wawili, na hapo ndipo Wakorea walipojenga ufundi wao wote, jeshi la mia limegawanywa mafungu ya kumi na mbili. StarCraft II ilipokuja 2010 na kuondoa kikomo hicho, ziko kelele zilizopigwa. Mimi naona hivi: kushika watu kumi na wawili tu hakukuwa ushujaa, ilikuwa ndiyo kamba iliyokuwepo, na watu wakajifunza kuirukia vizuri. Kamba ikiondolewa, kazi nyingine ipo. Na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inanishinda mimi: si kuwafikia askari, ni kujua nawaambia nini.

Turudi kwenye faili, maana lilikuwa na jambo jingine.

Zile amri 29 za kutembea, nilipotazama namba za x na z, zile zinazotaja mahali, nikakuta 11 ni za mahali pamoja, zinapishana kwa hatua mbili tatu. Nimewaamuru watu walewale waende palepale mara 11. Kwa nini? Kwa sababu nilibofya nikaona hawajaondoka, nikabofya tena. Nikabofya tena. Kama abiria anayebonyeza kengele ya daladala hadi dereva akasirike.

Hapa ndipo mtandao unapoingia, lakini si kwa namna niliyokuwa nalalamika. Gemu za aina hii, amri yako haitekelezwi papo hapo. Inatumwa kwa wote na inapangiwa zamu ya mbele kidogo, ili mashine zote ziitekeleze pamoja katika zamu ileile. Vinginevyo kwangu tembo angekuwa mlangoni na kwake angekuwa porini. Mwaka 2001 Paul Bettner na Mark Terrano, waliofanya kazi ya mtandao kwenye gemu ya Age of Empires enzi za modemu za simu, walieleza waliyoyaona kwa wachezaji wao: ucheleweshaji wa robo sekunde hawakuutambua hata kidogo, na hadi nusu sekunde mchezo ulichezeka vizuri. Kilichowaudhi ni ucheleweshaji usiotabirika, mara haraka mara taratibu. Mtu akizoea mwendo mmoja, hata kama ni wa polepole, mkono unajipanga wenyewe.

Kwa 0 A.D. hali ilikuwa nzito zaidi zamani, zamu za mchezo wa mtandaoni zilikuwa nusu sekunde. Katika Alpha 25 wakazishusha hadi hizo milisekunde 200. Kwa hiyo amri yangu inafika. Inachelewa kidogo, kwangu na kwake vilevile, maana mashine yake nayo inasubiri zamu ileile. Lile wazo langu kwamba yeye anafikiwa kwanza likafa hapo hapo, na nikakaa nikilitazama kwa huzuni, maana lilikuwa wazo zuri.

Na kubofya tena hakusaidii, kunaharibu. Kikosi kikiwa kwenye mpangilio, tuseme safu mbili, nimeona kila amri mpya inawafanya waanze kutafutana nafasi upya kabla ya kuondoka: wa kushoto anavuka kulia, wa nyuma anataka mbele. Mimi nawabofya mara 11, wao wanajipanga mara 11, Wasparta wanafika. Siku hizi mpangilio nautumia safarini tu, kwa sababu una faida moja kubwa: kikosi kizima kinatembea kwa mwendo wa mzito kuliko wote, wapanda farasi hawawahi kufika na kufa kabla tembo hawajaonekana. Karibu na adui nauondoa. Hapo kila mtu ajitegemee.

Nilifanya mazoezi, ndiyo, na nitakiri yalivyokuwa ya kitoto. Nilifungua mchezo wa peke yangu dhidi ya Petra, ndilo jina la akili ya kompyuta inayocheza kama adui, nikaiweka kwenye kiwango cha chini kabisa, kile ambacho haikushambulii. Nikachukua askari ishirini na tembo watatu. Sharti nililojiwekea: kila kundi amri moja, kisha mkono utoke kwenye mausi hadi nione wameanza kwenda. Nilikuwa nauweka mkono mezani, kiganja chini, kama mtoto wa madrasa. Mteja aliingia kuchukua vyeti vyake akanikuta hivyo, akauliza kama mashine imekwama.

Siku mbili za kwanza mkono uliniuma kwa kutobofya. Siwezi kueleza vinginevyo. Siku ya tatu nikaanza kuona mambo ambayo sikuwahi kuyaona, kwa sababu macho yalikuwa huru. Niliona, kwa mfano, askari wangu wana tabia ya kumfukuza farasi mmoja anayepita. Mpwa wangu amenifanyia hivyo mara ngapi! Analeta mpanda farasi mmoja, anapita mbele ya safu yangu, nusu ya watu wanamkimbilia hadi chini ya ngome yake. Ni suala la msimamo: askari wanaanza wakiwa wakali, anayeonekana anafukuzwa. Ukiwaweka kwenye msimamo wa kulinda, wanapigana na aliye karibu na kurudi mahali pao. Kitufe kiko pale chini ya kioo, alama ndogo, nilidhani ni pambo.

Jambo jingine lilikuwa nyumbani. Katika gemu hii askari ndio walewale wanaokata miti na kuvuna shamba, wakiwa pamoja na wanawake. Mji ukivamiwa, naburuta kisanduku juu ya shamba kuwakusanya askari, nakusanya na kina mama, nawapeleka wote vitani. Nimewaua wanawake wengi wa Meroe kwa uzembe huo. Ukishika Alt wakati unaburuta, kinachukuliwa kilicho cha jeshi tu, wengine wanabaki. Hili nililifurahia kuliko hata V yangu.

Na kambi ile? Ile waliyosimama mbele yake kwa adabu? Kubofya kulia jengo la adui kunamaanisha kuliteka, si kulivunja. Jengo lenye watu ndani linapambana kujirudisha mikononi mwa mwenyewe, kwa hiyo watu kumi na tano wanaweza kusimama pale dakika nzima wakipigwa bila faida. Sasa mikuki inakwenda na V, inafuata watu. Majengo ni kazi ya tembo, kwa amri yao wenyewe, Ctrl na bofya, kundi lao, na hakuna anayewaita hadi wamalize.

Ijumaa iliyopita tulicheza tena. Umeme ulikuwepo, mtandao ulikuwa na siku yake nzuri. Dakika ya 22 nilivunja kambi yake ya kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea, na kimya kikatanda upande wa Muscat, hata ujumbe wa sauti hakuna. Nikajisahau. Nikapeleka tembo wote watatu kwenye lango la ukuta wake, njia nyembamba, wakabanana wenyewe kwa wenyewe, wapiga upinde wangu wamekwama nyuma yao hawaoni kitu. Alinimaliza dakika ya 41.

Asubuhi nikalifungua faili. Dakika ya moto zaidi: amri 19. Za kwenda huku unapigana, 9. Za kutembea, 4, na moja tu imerudiwa, ile ya langoni, nimeirudia mara 3, naweza kuuona wasiwasi wangu pale kwenye maandishi.

Kabla sijafungua duka akapiga.

“Mjomba, jana umenitisha. Umebadilisha mausi?”

“Mausi ni ileile, mjomba.”

“Sasa umefanyaje?”

Nikamwambia wateja wamejaa, nitamtafuta baadaye. Hapakuwa na mteja hata mmoja. Nilikuwa nimefungua ramani ile ile dhidi ya Petra, nimejenga ukuta wenye lango jembamba, najaribu kuwapitisha tembo watatu mmoja mmoja, kila mmoja na namba yake.